Mzigo wa nani huu? Kesi ya kukutwa na dawa za kulevya, kutoka kizuizini hadi rufaa

Basi limesimama kwenye kizuizi cha polisi barabarani, Uvinza imebaki nyuma. Afande anavuta kiroba cha dagaa kilichokuwa chini ya kiti, anakifungua, na katikati ya dagaa kuna mfuko wa nailoni wenye majani makavu. "Mzigo wa nani huu?" Abiria wanaangaliana. Kitakachosemwa hapo, na karatasi itakayoandikwa nusu saa baadaye, ndivyo vitakavyobeba kesi nzima. Wakili atakayetafutwa na ndugu miezi minne mbele atafanya kazi na alichokikuta kwenye jalada. Hawezi kurudi kizuizini akasaini upya.

Watu wa Kigoma na Tabora wana sababu ya kulijua jambo hili kwa undani. Huku mizigo haiishi kutumwa. Dagaa na mawese vinapanda kwenda Tabora na kwingineko, asali na mchele vinashuka, kwa basi, kwa treni ya reli ya kati, kwa boti za ziwani, kwa bodaboda. Mtu anapewa kiroba na asiyemjua vizuri, anaambiwa "ukifika Urambo kuna kijana atakupokea", na anakubali kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuishi. Ukiongeza mipaka ya Burundi na Kongo, na barabara ya Kasulu–Kibondo–Kakonko yenye ukaguzi wa kila namna, utaona kwa nini swali la "mzigo wa nani" huulizwa sana upande huu.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, iliyotungwa mwaka 2015 ikaifuta ile ya 1995, kisha ikakazwa na marekebisho ya mwaka 2017. Inakwenda sambamba na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ambayo ndiyo inayosema upekuzi ufanywe vipi na mshtakiwa ahojiwe vipi. Namba za vifungu nitakazotaja ni za matoleo yaliyokuwepo kabla ya Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025. Ukiwa na jalada mkononi, hakikisha unasoma toleo lililokuwa likitumika siku ya tukio, na usishangae ukikuta kifungu kimehama namba.

Tuanze na neno linalowaponza wengi: "kusafirisha". Hati ya mashtaka ikisema mtu anashtakiwa kwa "kusafirisha dawa za kulevya", mshtakiwa asiye na wakili husimama na kusema, "Mheshimiwa, mimi sikusafiri, nilikamatiwa nyumbani kwangu." Anadhani amejitetea. Tafsiri ya neno hilo ndani ya Sura ya 95 ni pana kuliko Kiswahili chetu cha kila siku: inajumuisha kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kumiliki, kuzalisha, kupeleka na kusambaza. Mfuko uliolala mvunguni mwa kitanda bila kutikisika miezi sita unaweza kuitwa usafirishaji. Kwa hiyo utetezi wa "sikusafiri" haugusi kosa lenyewe, na hakimu ataupita kama hajausikia.

Tofauti inayoumiza iko kwenye uzito. Usafirishaji wa kiwango kikubwa, kifungu cha 15, ni kifungo cha maisha. Kwa heroini na kokeini mstari umechorwa kwenye gramu 200. Chini ya mstari huo kuna kifungu cha 15A, miaka 30. Bangi na mirungi vina mstari wao, unaopimwa kwa makilo. Halafu kuna kifungu cha 17, kosa la kukutwa na kiasi kidogo kwa matumizi binafsi, ambalo adhabu yake iko mbali kabisa na hizo mbili, na faini inawezekana. Mtu yuleyule, majani yaleyale: akishtakiwa kwa 15A anaangalia miaka 30, akishtakiwa kwa 17 anaweza kurudi nyumbani mwezi huohuo.

Ila kifungu cha 17 kina mwiba. Anayesema kiasi kile kilikuwa kidogo na cha kutumia mwenyewe ndiye anayebeba mzigo wa kulionyesha hilo. Na akishalisema, amekiri kwamba kitu ni chake. Ndiyo maana huwezi kupanda punda wawili. "Si yangu, sijui imetoka wapi, na hata hivyo ni misokoto mitatu tu ya kuvuta" ni utetezi unaojiua wenyewe. Chagua mapema. Kama ukweli ni kwamba hukujua kilichomo, simama hapo. Kama ukweli ni kwamba unatumia, basi kinachohesabika ni mazingira: kiasi chenyewe, kama hakuna mizani, kama hakuna vikaratasi vilivyokatwa tayari kwa kufungia kete, kama hakuna rundo la noti ndogondogo, kama hakuna wateja waliokutwa mlangoni. Na mtu anayejitetea kwamba majani yale ni dawa ya kuku ajue amekiri umiliki na ujuzi kwa pamoja, na sheria haina nafasi ya kuku.

Mirungi nayo ina mtego wake. Kenya inauzwa sokoni kwa uwazi, Tanzania ni dawa ya kulevya kama bangi. "Nimeinunua kihalali kwao" haisaidii kitu ukishavuka mpaka.

Sasa, "kukutwa na" maana yake nini hasa? Kifungu cha 5 cha Kanuni ya Adhabu kinapanua umiliki: kitu si lazima kiwe mfukoni mwako. Kinaweza kuwa kwa mtu mwingine, au mahali fulani, ilimradi unajua kipo na kipo kwa ajili yako au ya mwingine. Watu wawili au zaidi wakiwa pamoja, mmoja akishika kwa ujuzi na ridhaa ya wenzake, wote wanahesabiwa wameshika. Mahakama ya Rufani ililiweka vizuri katika uamuzi ulioripotiwa kwenye TLR (Tanzania Law Reports, vitabu vya maamuzi ya mahakama) ya 1987, ukurasa wa 134: lazima ithibitishwe ama kwamba mtu alijua kitu kipo na alikuwa na mamlaka juu yake, ama kwamba kililetwa, hata bila yeye kuwepo, kwa mwaliko na mpango wake. Ujuzi na mamlaka. Upande wa mashtaka ukikosa kimoja, umekosa kosa.

Pima hilo kwenye mambo ya kwetu. Bodaboda amebeba abiria mwenye begi mgongoni. Begi likifunguliwa na kukutwa kete, dereva hana mamlaka juu ya begi la abiria wake, na ujuzi wake lazima uthibitishwe kwa kitu kingine, mfano walivyokuwa wakiwasiliana kabla au alivyojaribu kukwepa kizuizi. Begi likiwa limefungwa kwenye keria na abiria amekimbia, hali yake ni mbaya zaidi, na namba ya simu ya aliyemkodi, muda wa kupigiwa na mahali alipompakia ndivyo vya kueleza mapema. Chumba cha gesti kina mlolongo wa wageni, na daftari la wageni linaonyesha nani alilala jana yake. Daftari hilo liombwe haraka, kabla halijajaa na kuwekwa kando. Nyumba ya kupanga yenye vyumba vitano na uani pamoja: kitu kikikutwa chooni au kwenye paa la jiko la pamoja, "nyumba ni yako" haitoshi. Kikikutwa ndani ya sanduku lenye nguo zako na kitambulisho chako, hapo umebanwa. Shamba nalo ni hivyohivyo: nani analima eneo lile, nani anapalilia, mistari imepandwa au mimea imejiotea pembeni mwa mtaro.

Na kwenye basi? Kiroba chini ya kiti ni ushahidi hafifu mpaka kipatikane kinachokifunga na mtu: tiketi ya mzigo yenye jina, kondakta aliyemwona akikipakia, simu iliyoita kutoka kwa mpokeaji. Ndiyo maana jibu la swali la afande lina uzito. Kama mzigo ni wa kutumwa, sema hivyo hapohapo na utaje aliyekupa na anayepokea; maelezo yanayotolewa mara ya kwanza mahakamani, mwaka mmoja baadaye, hunuka harufu ya kutungwa. Kama huna uhakika wa kusema nini, sema jina lako na kwamba utatoa maelezo mbele ya wakili au ndugu. Usikane kiroba ambacho tiketi yake iko mfukoni mwako. Uongo mdogo wa hofu hugeuzwa ushahidi wa ujuzi.

Nakaa kidogo kwenye upekuzi, maana hapo ndipo kesi nyingi hujengwa na hapo ndipo nyingi hubomoka.

Kwa kawaida nyumba hupekuliwa kwa hati ya upekuzi au amri ya maandishi ya mkuu wa kituo, chini ya kifungu cha 38 cha Sura ya 20, na upekuzi wa hati hufanywa kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo (kifungu cha 40). Kifungu cha 42 kinaruhusu upekuzi wa dharura bila hati, pale ambapo kusubiri kungepoteza ushahidi. Kizuizini barabarani dharura huonekana kirahisi. Lakini polisi wakisema walipata taarifa tangu asubuhi, wakapanga, wakatafuta gari, wakafika nyumbani saa tatu usiku bila hati, swali la "dharura ilianza saa ngapi?" lina meno. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha.

Kabla upekuzi haujaanza, mwenye nyumba anaweza kuomba kwa adabu, "Afande, naomba mnionyeshe mikono na mifuko yenu kabla hamjaingia." Wengine hukubali, wengine hukasirika. Wakikataa, kukataa kwenyewe ni jambo la kumbukumbu. Fuatana na anayepekua chumba kwa chumba. Wakigawanyika, mmoja chumbani mmoja jikoni, sema wazi kwamba huwezi kuwa mahali pawili na uombe waende pamoja.

Halafu shahidi huru: mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, mjumbe, jirani. Kosa la kawaida ni kumwita baada ya kitu kupatikana. Anafika, anakuta mfuko mezani, anaambiwa "mwenyekiti, tumekuta hii, saini hapa". Huyo ni shahidi wa karatasi, upekuzi hakuuona. Akija mahakamani aulizwe mambo mafupi:

"Mwenyekiti, ulipoingia, mfuko ulikuwa wapi?"
"Mezani."
"Nani aliutoa ulikokuwa?"
"Nilielezwa na askari."
"Misokoto ulihesabu wewe?"
"Walinisomea idadi."

Baada ya hapo ushahidi wa upekuzi unabaki kwa askari peke yao. Mahakama inaweza kuwaamini hata hivyo, lakini nguzo moja imeshaondoka.

Kifungu cha 38(3) kinataka anayechukua kitu atoe stakabadhi, iliyosainiwa na mwenye nyumba au ndugu yake wa karibu na mashahidi waliokuwepo. Kwa vitendo hutumika hati ya ukamataji mali, na mahakama zimewahi kuikubali hati hiyo badala ya stakabadhi, kwa hiyo kukosekana kwa stakabadhi peke yake si ushindi. Hata ushahidi uliopatikana kwa kukiuka taratibu hautupwi moja kwa moja; kifungu cha 169 kinamwachia hakimu apime. Mambo ya kuangalia kwenye hati hiyo ni haya: tarehe na saa, mahali hasa kitu kilipokutwa, idadi, rangi ya mfuko, uzito kama kulikuwa na mizani, na jinsi kitu kilivyotajwa. Pale nyumbani hakuna mkemia, hivyo maelezo ya haki ni "majani makavu yanayodhaniwa kuwa bangi". Hati iliyojazwa kituoni itajulikana kwa saa yake, au kwa uzito ulioandikwa wakati hakuna aliyebeba mizani.

Saini yako pale ina maana kwamba ulikuwepo na kitu kilikutwa kama ilivyoandikwa. Soma kwanza. Usiyejua kusoma, omba isomwe kwa sauti mbele ya shahidi kabla hujaweka dole gumba. Kama kitu kilitolewa mahali tofauti na palipoandikwa, sema, na andika hilo kando ya saini. Kusaini bila kusoma halafu kupinga mahakamani ni kazi ngumu sana. Kukataa kabisa kusaini kunaruhusiwa, ila toa sababu, mashahidi waisikie.

Kutoka hapo kielelezo kinaanza safari yake. Aliyekikamata anamkabidhi mtunza vielelezo kituoni. Kinasajiliwa kwenye rejista ya vielelezo, fomu PF 16, na kubandikwa lebo, PF 145, kama Amri ya Jumla ya Polisi namba 229 inavyoagiza. Mpelelezi anakichukua, anakipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa fomu ya kuwasilisha sampuli, kinapimwa, kinafungwa kwa lakiri, kinarudi, kinatunzwa, kinaletwa mahakamani. Katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya mwaka 2007, iliyoamuliwa 2009, Mahakama ya Rufani ilisema mlolongo huu uonekane kwa kumbukumbu za maandishi zinazofuatana: nani alikuwa nacho, nani alimpa nani, lini. Baadaye mahakama imelegeza kwa vitu visivyobadilishika kirahisi, na imekubali pia mlolongo uelezwe kwa mdomo na mashahidi wanaoaminika. Lakini majani makavu kwenye mfuko wa nailoni, au unga mweupe kwenye kete, ni vitu vinavyobadilishika kirahisi kuliko karibu kitu chochote. Hapo ukali unabaki.

Kinachoharibika mara nyingi ni usiku wa kwanza. Mtu anakamatwa kijijini Kibondo au Kaliua jioni, kielelezo kinasajiliwa kituo kikubwa kesho yake mchana. Kati ya hapo kilikuwa wapi? Kwenye buti la gari? Droo ya ofisi? Nani alikuwa na ufunguo? Kishimo kingine ni kati ya kituo na maabara: rejista inaonyesha kilitoka tarehe 4, maabara ilikipokea tarehe 9, na aliyekibeba hakuitwa kutoa ushahidi. Cha tatu ni alama. Shahidi anasema alikitambua kielelezo "kwa sababu ndicho nilichokamata". Aulizwe aliandika alama gani, kwa kalamu ya rangi gani, upande gani, na kama alama hiyo aliitaja kabla ya kuonyeshwa mfuko.

Uzito nao una hadithi yake. Majani mabichi hukauka na kupungua, kwa hiyo kilo 6 za siku ya kukamatwa zikiwa kilo 4 na nusu maabara, maelezo yapo. Zikiwa kilo 7, hakuna jua linaloongeza uzito wa majani. Uliza pia kama walipima na kiroba chake, kama mashina na matawi yalikuwemo, kama mizani ilianzia sifuri. Pale uzito unapokuwa karibu na mstari wa kifungu au wa dhamana, nusu kilo ni miaka.

Ripoti ya mkemia ndiyo inayogeuza "yanayodhaniwa" kuwa bangi. Vipimo vya haraka vya rangi ni vya kudokeza tu: kipimo cha Duquenois-Levine hutoa zambarau kwa bangi, cha Marquis hutoa zambarau kwa heroini, na kuna vitu vingine visivyo haramu vinavyoweza kudanganya rangi. Uthibitisho huja na mashine zinazotenganisha na kutambua kemikali yenyewe, kama THC ya bangi. Kwa mirungi, kemikali inayotafutwa, kathinoni, huanza kugeuka kathini kadiri jani linavyonyauka baada ya kuchumwa, kwa hiyo tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kupimwa zisomwe pamoja. Kama ripoti haisemi kilipimwa nini kwa njia gani, iombe mahakama imwite mkemia aje aulizwe.

Mirungi na majani mabichi huoza, na wakati mwingine huteketezwa kabla ya kesi kusikilizwa. Inaruhusiwa, kwa amri ya hakimu. Lakini mshtakiwa ana haki ya kuwepo na kusikilizwa kabla amri haijatolewa. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo katika Rufaa ya Jinai namba 385 ya 2017. Fomu ya kuteketeza isiyo na saini yake wala maneno yake ni fomu ya kupingwa.

Kituoni, maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayoyaandika kutoka kwa mtuhumiwa baada ya kumwonya. Kifungu cha 50 cha Sura ya 20 kinatoa saa nne za mahojiano tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, na kifungu cha 51 kinaruhusu kuongezwa kwa utaratibu. Muda wa safari hauhesabiwi, jambo linalohusu sana wilaya zetu za mbali, kwa hiyo usipige hesabu kuanzia kizuizini bila kutoa saa za barabarani. Kabla ya kuhojiwa mtu aelezwe kosa, aambiwe halazimiki kusema neno, na aruhusiwe kuwasiliana na ndugu au wakili. Mtoto wa chini ya miaka 18 asihojiwe peke yake. Na lugha: mzee wa Buhigwe anayezungumza Kiha, au mkimbizi wa Nyarugusu anayezungumza Kirundi, akihojiwa kwa Kiswahili cha kipolisi anaweza kusaini neno "nilikuwa namiliki" akidhani ni "nilikuwepo". Mkalimani aombwe kituoni. Mahakamani ni haki yake vilevile, kifungu cha 211.

Ukiri uliotokana na kipigo au ahadi unapingwa, lakini upingwe kwa wakati wake. Siku upande wa mashtaka unapoomba kuyatoa maelezo kama kielelezo, hakimu atauliza, "Una pingamizi?" Hapo ndipo pa kusema nilipigwa, au sikuyaandika mimi, na mahakama itafanya uchunguzi kwanza. Ukisema "sina pingamizi" kisha ukalia kwenye utetezi, umechelewa. Fomu namba 3 ya polisi, PF3, yenye majeraha ya siku zile ina thamani kuliko ushuhuda wa makovu.

Dhamana nitaipita haraka. Kosa la kiasi kidogo linadhaminika; wadhamini wawe tayari na barua za mtendaji na vitambulisho vya NIDA. Kwa usafirishaji, Sura ya 95 yenyewe inafunga mlango uzito ukifikia kiwango, kwa gramu upande wa heroini na wenzake, kwa kilo upande wa bangi na mirungi. Ndiyo sababu nyingine ya kugombania mizani tangu siku ya kwanza.

Usafirishaji ni pia kosa la uhujumu uchumi. Ili mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ilisikilize, jalada liwe na kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka, zikitaja vifungu sahihi. Kesi zimefutwa kwenye rufaa kwa kukosa hilo. Usishangilie mapema: kufutwa kwa mwenendo kunaweza kufuatiwa na kuanza upya.

Siku ya kusomewa mashtaka, neno "ni kweli" lina gharama. Ukikiri, unasomewa maelezo ya kosa na kuulizwa kama ni sahihi. Ukikubali yote, unatiwa hatiani hapohapo, na kifungu cha 360 kinakubakizia rufaa juu ya adhabu tu, pamoja na mianya michache sana. "Ni kweli zilikutwa kwangu ila si zangu" haihesabiwi kukiri, na hakimu anatakiwa kuandika kwamba umekana. Makubaliano ya kukiri na upande wa mashtaka yapo tangu 2019, lakini dawa zenye thamani ya zaidi ya shilingi milioni 20 zimewekewa kizuizi.

Kwenye usikilizwaji wa awali utasomewa mambo yasiyobishaniwa. Kila unachokikubali hapo hakihitaji tena kuthibitishwa, kwa hiyo kubali jina na anwani, na uwe mgumu kwa yanayobaki. Kama siku ya tukio ulikuwa mahali pengine, toa taarifa ya utetezi huo kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Maswali ya dodoso, yale unayomuuliza shahidi wa upande wa mashtaka, ndiyo yanayowashinda wasio na mawakili. Wengi husema "sina swali" kwa heshima, wakisubiri zamu yao ya kujitetea. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba kutomuuliza shahidi juu ya jambo la msingi ni kama kulikubali. Kwa hiyo askari akisema alikukuta nacho mfukoni, na wewe unasema kilitolewa kwenye buti la gari lao, mwambie usoni: "Afande, nakuambia ulikitoa kwenye gari, unasemaje?" Atakana. Haidhuru. Imeandikwa. Maneno ya jumla ya "wamenibambikia" bila sababu, bila jina, bila swali hata moja kwa shahidi, huwa hayana pa kushika. Kama kulikuwa na ugomvi wa kiwanja au mtu uliyekataa kumpa pesa, hayo yaulizwe mapema na mashahidi waletwe.

Sikiliza pia jinsi nyaraka zinavyopokelewa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2003, utaratibu ni kwamba hati ipokelewe kwanza ndipo isomwe kwa sauti mbele ya mshtakiwa. Hati ya ukamataji au ripoti ya mkemia iliyopokelewa bila kusomwa huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Mara nyingine ushahidi wa mdomo huziba pengo la hati ya ukamataji. Pengo la ripoti ya mkemia ni gumu zaidi kuzibika.

Upande wa mashtaka ukimaliza, mahakama huamua kama kuna kesi ya kujibu. Ukiambiwa ipo, una hiari ya kutoa ushahidi kwa kiapo, bila kiapo, au kunyamaza. Kiapo kina uzito zaidi, na kinakufungulia maswali. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 watakusaidia kuandaa na kuelewa, ila kusimama mahakamani kukutetea ni kazi ya wakili.

Ukitiwa hatiani na mahakama ya chini, notisi ya kukata rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 10, na ukiwa gerezani unaipitisha kwa mkuu wa gereza, awe wa Bangwe au wa Uyui. Sababu za rufaa ni ndani ya siku 45. Andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo siku hiyohiyo, na utunze nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu muda wa kusubiri nakala hautajumlishwa kwenye hizo siku 45, na muhuri ule ndio utakaoonyesha ulianza kusubiri lini.